Mshenga yupi wa simu za intaneti: SIP, H.323, WebRTC, IAX2 au Jingle?

Simu ya intaneti ina safari mbili, na asiyezitenganisha atahangaika na hitilafu moja mwezi mzima. Safari ya kwanza ni ya ishara: nani anampigia nani, yuko wapi, anaelewa kodeki gani (namna ya kubana sauti), sauti yake ipelekwe anwani ipi. Safari ya pili ni ya sauti na picha zenyewe, pakiti za RTP (itifaki ya kubeba sauti na picha), ambazo mara nyingi hupita njia nyengine kabisa. Itifaki ya ishara ni mshenga. Hubeba masharti ya upande mmoja, hurudi na jibu la upande wa pili, na wakishakubaliana yeye hukaa pembeni mpaka siku ya kuachana. Akibeba anwani isiyo sahihi, ndoa inafungwa lakini wawili hawakutani: simu inaita, inapokelewa, na hakuna anayesikia kitu.

Washenga wanaofaa kulinganishwa ni watano. Tunawapima hapa kwa mazingira ya Unguja na Pemba, yaani nyumba za wageni zenye simu za vyumbani, ofisi yenye tawi Chake Chake na makao makuu mjini, kliniki inayotaka ushauri wa daktari aliye kisiwa cha pili, na skuli inayotaka mkutano wa video. Kinachoamua ni kifaa kitakachopokea simu, idadi ya ruta zinazoficha anwani (NAT) baina ya pande mbili, na fundi atakayesoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo, pale kitu kinapogoma. Kama fundi yuko Unguja na hitilafu iko Wete, Pemba, itifaki anayoweza kuichunguza kwa mbali ni bora kuliko ile yenye sifa nyingi kwenye karatasi.

SIP: ya kwanza kufikiria ukiwa na simu za mezani

SIP ilitoka kama RFC 2543, moja ya hati za viwango vya intaneti, mwaka 1999, ikaandikwa upya kama RFC 3261 mwaka 2002, na hiyo ya pili ndiyo msingi mpaka leo. Ujumbe wake ni maandishi yanayosomeka kwa macho. Simu hujiandikisha kwenye seva kwa REGISTER, seva hujibu 401 ikitaka uthibitisho, simu hurudia ikiwa na jibu lililokokotolewa kutokana na nywila, kisha hupata 200 OK. Anayepiga hutuma INVITE, hurudishiwa 100, halafu 180 simu ya pili inapoanza kuita, halafu 200 OK inapopokelewa, naye hukamilisha kwa ACK. Kukata ni BYE. Poti ni 5060 kwa UDP au TCP, njia mbili za kubeba pakiti, na 5061 ikiwa imesimbwa kwa TLS.

Masharti anayobeba mshenga huyu yameandikwa kwa SDP, muundo wa kueleza mkondo wa sauti, ndani ya INVITE. Chukua simu ya mapokezi ya nyumba ya wageni pale Shangani, iliyo nyuma ya ruta ya kawaida. Mistari miwili inayohusika ni hii:

c=IN IP4 192.168.1.23
m=audio 16402 RTP/AVP 8 0 101

Mstari wa kwanza unasema: nitumie sauti kwenye 192.168.1.23. Wa pili unasema: poti ni 16402, na naelewa kodeki ya G.711 ya aina ya A, ambayo ni 8, na ya aina ya µ, ambayo ni 0. Namba 101 kwa kawaida ni ya mibofyo ya vitufe. Tatizo liko kwenye mstari wa kwanza. 192.168.1.23 ni anwani ya ndani, na hakuna aliye nje ya nyumba hiyo anayeweza kuifikia. Ruta imebadilisha anwani juu ya bahasha, lakini barua ndani imebaki na anwani ya zamani. Ndiyo maana aliye nje anayasikia mapokezi lakini mapokezi hayamsikii, au kinyume chake.

Dawa haiko kwenye simu, iko kwenye seva na ruta. Kwenye Asterisk, programu ya seva ya simu, yenye sehemu yake ya SIP iitwayo PJSIP, seva iliyo nyuma ya ruta ielezwe anwani yake ya nje kwa external_media_address na external_signaling_address, na mtandao wa ndani utajwe kwenye local_net. Kwa simu iliyo nyuma ya ruta ya mbali, weka rtp_symmetric, force_rport na rewrite_contact kuwa yes, na direct_media kuwa no. Kisha ingia kwenye ruta uzime SIP ALG. Kitu hiki kimewekwa kusaidia, lakini ruta nyingi za bei nafuu hurekebisha anwani moja na kuisahau nyengine, na hapo seva haiwezi tena kutambua ukweli uko wapi. Tungeliweka jambo hili mbele ya yote kwa yeyote anayefunga SIP: zima ALG kabla ya kugusa mpangilio mwengine wowote.

Hitilafu nyengine za SIP zina saa zake, na saa hizo ndizo zinazomtambulisha mgonjwa. Simu ikikatika kwenye sekunde ya 32 kila mara, ACK haifiki. Aliyepokea amekuwa akirudia 200 OK, na muda wa kusubiri ni mara 64 ya nusu sekunde, yaani sekunde 32, kisha anakata. Tazama anwani iliyo kwenye Contact, mara nyingi ni ya ndani. Simu ikikatika kwenye dakika ya 15 au karibu na ya 30, tazama kipima muda cha mazungumzo: thamani yake ya kawaida ni sekunde 1800, huhuishwa katikati, na kama ujumbe wa kuhuisha umepotea njiani upande mmoja utaamini mwenzake amekufa. Ikiwa unaweza kupiga lakini hupigiwi baada ya simu kukaa kimya, ruta imesahau njia ya UDP. Ruta nyingi husahau baada ya sekunde 30 hadi 60, wakati simu imejiandikisha kwa saa nzima. Weka seva itume OPTIONS kila sekunde 25, au hamia TCP au TLS. Ukiona 488, kodeki hazikubaliani, na hapo hakuna haja ya kugusa ruta.

Kwa upana wa njia: simu moja ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde za sauti, lakini kila pakiti ya milisekunde 20 hubeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa, kwa hiyo ni kilobiti 80 kila upande. Kodeki ya G.729 ni kilobiti 8 tu za sauti na 24 ukijumlisha vichwa. Simu nne kwa pamoja ni 320 dhidi ya 96. Kwenye faiba tofauti hiyo si kitu. Kwenye ruta ya laini ya simu huko Makangale, Pemba, usiku wa Jumamosi, ndiyo inayoamua kama sauti itakatika.

Katika Mji Mkongwe usitegemee waifai kwa simu za vyumbani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na huua mawimbi baina ya chumba na chumba. Pitisha waya, na chagua swichi inayopeleka umeme kwenye waya huohuo, yaani PoE. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, nayo simu ya mezani ya kawaida hutumia chache tu kati ya hizo. Swichi, ruta na seva vyote vitatu viwe kwenye UPS (betri ya akiba) moja. Kisiwa cha Unguja kiliwahi kukaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na nyumba zilizokuwa na akiba yao zilijua thamani yake. Hoteli za pwani zikague pia plagi za RJ45 za nje: hewa ya chumvi huziotesha kutu ya kijani, na simu huanza kujizima na kuwaka bila ya sababu inayoonekana kwenye logi.

Jambo la mwisho la SIP ni wizi, na halina mzaha. Poti 5060 ikiachwa wazi kwa dunia nzima, mashine za kubahatisha nywila huifikia haraka sana. Namba ya ndani 101 yenye nywila 101 itatumika kupiga simu za nje ya nchi usiku kucha, na ankara ni yako. Nywila ziwe za herufi 16 au zaidi, poti iruhusu anwani ya mtoa huduma peke yake, na simu za kimataifa zifungwe kwa namba za ndani zisizozihitaji. Unapopanga namba, hakikisha 024 inageuzwa kuwa +25524 bila ya kupoteza tarakimu, na 112 ipite moja kwa moja bila ya kubofya 9 kwanza. Mgeni mwenye dharura hatakumbuka kubofya 9.

H.323: ikiwa mashine umeshapewa

H.323 ni mzee wa ITU-T, shirika la viwango vya simu duniani, toleo la kwanza 1996. Ameletwa na watu wa simu, na lugha yake inafanana na ya laini za ISDN, simu za kidijitali za zamani. Mlinda lango, yaani seva yake, husikiliza UDP 1719, simu hufunguliwa kwa TCP 1720 kwa Setup, Alerting na Connect, kisha hufunguliwa njia nyengine ya H.245 ambako pande mbili huelezana uwezo wao na kufungua mkondo wa sauti na wa picha kila mmoja peke yake. Njia hiyo ya H.245 huchukua poti isiyotabirika. Fayawoli iliyoruhusu 1720 pekee hutoa dalili moja isiyokosea: simu inaita, inapokelewa, skrini inabaki nyeusi.

Ujumbe wake umefungwa kwa mfumo wa namba, si maandishi, kwa hiyo bila ya Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti, huoni kitu. Nguvu yake iko kwenye vyumba vya mikutano: kupatana kuhusu picha kumeandikwa kwa undani, na H.239 huruhusu slaidi kwenda sambamba na sura ya msemaji. Ukiwa na mashine ya chumba cha mkutano uliyorithi kutoka kwenye mradi, na mwenzako wa ng'ambo anayo kama hiyo, itumie, weka Fast Connect ili hatua zipungue, na uliza kama inajua H.460.18 na H.460.19 za kupita ruta. Kununua H.323 mpya leo hatushauri.

WebRTC: daktari wa Mkoani na kivinjari chake

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. WebRTC haina mshenga wake. Ilifunguliwa na Google mwaka 2011 na ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2021, lakini makusudi kabisa haikusema ishara zipite vipi. Kivinjari kinakutengenezea SDP, na ni juu yako kuifikisha upande wa pili, kwa kawaida kwa WebSocket, njia inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva, kwenye seva yako. Ukitaka kuiunganisha na simu za mezani, unaweza kupitisha SIP ndani ya WebSocket kwa RFC 7118, na Asterisk inaielewa.

Inachofanya vizuri kuliko wote ni kutafuta njia. ICE hukusanya anwani zote zinazowezekana: ya ndani, ile ya nje iliyoambiwa na seva ya STUN kwenye poti 3478, na ya seva ya TURN inayopokezana pakiti pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana. Kisha pande mbili hujaribu jozi moja moja mpaka ipatikane inayopita. Ile hitilafu ya 192.168.1.23 iliyotusumbua kwenye SIP hapa imetibiwa ndani ya itifaki. Usimbaji pia ni wa lazima: sauti na picha husafiri kwa SRTP, yaani RTP iliyosimbwa, yenye funguo za DTLS, na hakuna kitufe cha kuuzima. Kwa daktari wa Mkoani, Pemba, anayetaka kumuonesha mwenzake wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kidonda cha mgonjwa, bila ya kusakinisha programu na bila ya picha hiyo kusafiri uchi, hii ndiyo tungeichagua bila ya kusita.

Lakini usiifunge bila ya TURN. Simu mbili zinazotumia data za kampuni za simu mara nyingi ziko nyuma ya NAT kubwa ya kampuni, inayobadilisha poti kwa kila anayewasiliana naye, na hapo STUN peke yake haisaidii. Jaribio la ofisini kwenye waifai moja litakudanganya, maana hapo kila kitu hupita. TURN ina gharama: simu ya video ya megabiti 1.5 kila upande huifanya seva ipokee 3 na kutuma 3. Kwa mtumiaji mwenyewe, saa moja ya video hiyo hula takriban GB 1.35 za bando, wakati sauti tupu ya kodeki ya Opus ya kilobiti 32 hula kama MB 45 hadi 50. Weka kitufe cha kuzima picha mahali panapoonekana.

Maikrofoni haifunguki kama ukurasa hauko kwenye HTTPS. Cheti kikiisha muda wake, simu zote zinakufa siku hiyohiyo. Daktari akitoka nje ya waifai na simu kuhamia kwenye data, anwani zinabadilika, na kivinjari huacha kutuma baada ya sekunde 30 za kutojibiwa, kwa hiyo programu yako lazima ianzishe ICE upya. WebSocket ikikatika katikati ya mazungumzo, sauti inaendelea kama kawaida, ila ukikata simu mwenzako hapati habari na anabaki akizungumza na skrini. Na kubwa zaidi: kivinjari kilichofungwa hakiiti. Ukitaka simu iite mfukoni unahitaji programu yenye arifa za kuiamsha. Kwa mapokezi ya hoteli hilo peke yake linatosha kurudi kwenye SIP.

IAX2: kati ya seva ya mjini na seva ya Chake Chake

IAX2 imetoka mikononi mwa Mark Spencer, aliyeandika Asterisk, na ikachapishwa kama RFC 5456 mwaka 2010. Ishara na sauti hupita pamoja kwenye poti moja, UDP 4569. Mshenga na maharusi wamepanda boti moja. Hakuna anwani ya kukosea ndani ya barua, kwa hiyo ruta zinazoficha anwani hazina la kuharibu.

Faida yake halisi ni kufunga simu nyingi kwenye pakiti moja baina ya seva mbili. Simu 10 za G.729 kwa RTP ni kilobiti 240 kila upande. Kwa IAX2 iliyofungwa pamoja ni takriban 110 hadi 120, maana vichwa vya IP na UDP vinalipwa mara moja tu kwa zote. Ukiipitisha ndani ya VPN (njia ya siri iliyosimbwa) ya WireGuard, ambayo huongeza takriban baiti 60 kwa kila pakiti, pengo linakuwa kubwa zaidi: simu 10 za RTP zinaongezewa kilobiti 240 nyengine, za IAX2 zinaongezewa 24 tu. Kwa tawi la Pemba linalotumia laini nyembamba, hesabu hiyo ni bando la kila mwezi.

Ubaya wake ni kwamba pakiti moja ikipotea, milisekunde 20 zinapotea kwa wote kumi. Simu za mezani zinazoijua ni chache, kwa hiyo iache ifanye kazi baina ya seva, na SIP ibaki ndani ya kila ofisi. Kama laini yako ni faiba nzuri pande zote mbili, SIP ndani ya VPN inatosha na fundi atakuwa na itifaki moja ya kujifunza.

Jingle, kwa ufupi

Jingle ni ugani wa XMPP, itifaki ya gumzo la maandishi, uliozaliwa kutokana na Google Talk mwaka 2005. Hutumia njia ileile ya ujumbe wa maandishi, TCP 5222, ambayo hukaa wazi muda wote, na kwa hiyo seva inajua nani yupo kabla ya kumpigia. Wengi wataikuta bila ya kujua, ndani ya Jitsi Meet, programu ya mikutano ya video. Skuli inayotaka mikutano kwenye seva yake ifungue TCP 443 na UDP 10000. Ukisahau 10000 utaona ajabu: watu wawili wanaonana vizuri, akiingia wa tatu picha na sauti vinatoweka. Wawili huunganishwa moja kwa moja. Kuanzia wa tatu kila kitu hupita kwenye seva.

| Itifaki | Poti | Ruta zinazoficha anwani | Tungeiweka wapi |
|---|---|---|---|
| SIP | 5060, 5061, na poti za RTP | husumbua, hutibika | hoteli, ofisi, namba ya 024 |
| H.323 | 1719, 1720, na nyengine zisizotabirika | husumbua sana | mashine za mkutano zilizopo |
| WebRTC | 443, 3478 na poti za TURN | hupita vizuri kukiwa na TURN | kliniki, huduma kwenye tovuti |
| IAX2 | 4569 | hupita | seva kwa seva, Unguja na Pemba |
| Jingle | 5222. Jitsi 443 na 10000 | hupita kwa ICE | mikutano ya skuli, gumzo lenye simu |

Kabla ya kumlipa fundi, fanya majaribio mbele yake. Acha simu kimya dakika 10 kisha ipigie kutoka nje. Isipoita, njia ya UDP imesahauliwa. Zungumza sekunde 40 uvuke ile ya 32. Acha simu moja wazi dakika 35. Mweke mtu asubiri kisha umrudie, maana hapo INVITE hutumwa upya na anwani mbaya hujitokeza. Piga namba yenye sauti ya kubofya vitufe uone kama mibofyo inafika. Kwa WebRTC, mmoja awe kwenye data ya kampuni moja ya simu na mwengine ya kampuni nyengine, si kwenye waifai ya ofisi. Mwisho zima swichi kuu ya umeme, hesabu simu ya mapokezi inabaki hai kwa dakika ngapi, na ubandike idadi hiyo ukutani pembeni yake.